Kuhamisha madaftari ya Evernote ya Windows kwenda Joplin ya Linux

Evernote na Joplin ni programu za kuandika na kutunza madokezo. Kuhamisha kwenyewe ni kazi ndogo. Kinachokula muda ni kutafuta vilivyoangukia njiani: viungo, matini zilizofungwa, mpangilio wa madaftari. Kwa hiyo tumia muda mwingi upande wa Windows, kabla hujatoa faili hata moja.

Fungua Evernote iliyosakinishwa kwenye kompyuta, kwa sababu ile ya kwenye kivinjari haitoi faili za ENEX, muundo wa Evernote wa kutolea madokezo nje. Iache isawazishe mpaka imalize, kisha andika kwenye karatasi jina la kila daftari na idadi ya madokezo yake. Karatasi hiyo utaihitaji mwishoni.

Kuna mambo matatu ya kumaliza huku huku. La kwanza ni matini ulizozifunga kwa nenosiri ndani ya dokezo. Hutoka zikiwa bado zimefungwa na Joplin haiwezi kuzifungua, kwa hiyo zifungue kabisa sasa. La pili ni vichwa vinavyofanana. Faili ya ENEX haibebi kitambulisho cha dokezo, hivyo kiungo cha kutoka dokezo moja kwenda jingine kinaweza kuunganishwa upya kwa kubahatisha kichwa tu. Ukiwa na madokezo sita yote yanaitwa "Mkutano", programu haina njia ya kujua lipi ni lipi. Yaongezee tarehe: "Mkutano 2023-05-14". La tatu ni mafungu, yaani madaftari kadhaa yaliyowekwa pamoja. ENEX haiyajui. Lebo husafiri, lakini ngazi zake, lebo chini ya lebo, hazisafiri.

Sasa toa daftari moja moja. Bofya kitufe cha kulia juu ya jina la daftari, chagua kulitoa kama ENEX, na uhakikishe lebo zimewekewa tiki. Usichague madokezo yote ya akaunti na kuyatoa kwa mkupuo: jina la daftari halimo ndani ya faili, na Joplin hulichukua kutoka kwenye jina la faili. Ukichanganya, umepata gunia moja. Kwa sababu hiyo hiyo fungu lihifadhi kwenye jina la faili, mfano "KAZI - Mikutano.enex", ili baadaye ujue ni daftari la wapi.

Usishangae ukubwa. Viambatisho huandikwa ndani ya faili kama herufi, na kila baiti 3 huwa herufi 4, hivyo daftari lenye PDF za MB 900 hutoa faili ya takriban GB 1.2. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Ifomati kwa exFAT. Na kama kompyuta mpya ina RAM ndogo, daftari kubwa ligawe mara mbili au tatu kabla ya kulitoa, maana faili kubwa mno inaweza kuikwamisha programu katikati ya kazi.

Kabla ya kuchomoa flashi, toa hashi ya faili kubwa kwenye Windows, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikibadilika:

certutil -hashfile "KAZI - Mikutano.enex" SHA256

Ukishainakili Linux, endesha:

sha256sum "KAZI - Mikutano.enex"

Herufi na tarakimu zikitofautiana, nakala imeharibika. Inakili upya, usijaribu kuiingiza.

Joplin ya Linux hupatikana kama AppImage, yaani faili moja inayoendeshwa bila kusakinishwa. Ipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Kwenye Ubuntu 22.04 ukibofya na kusiwe na lolote, mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi cha libfuse2, ambacho AppImage hukitegemea; kwenye 24.04 kinaitwa libfuse2t64.

Ndani ya Joplin nenda menyu ya "File", kisha "Import". Utaona ENEX ikija kwa njia mbili, Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio) na HTML (muundo wa kurasa za wavuti), na uamuzi huu ndio watu huuharakisha. Markdown ni nyepesi na rahisi kuhariri, lakini hupoteza rangi na ukubwa wa herufi, na jedwali lenye seli zilizounganishwa huvurugika. HTML hulinda sura ya dokezo, ila kulihariri kunachosha. Kwa maandishi yako mwenyewe chagua Markdown. Kwa daftari la kurasa ulizozinasa kutoka mtandaoni, HTML. Si lazima madaftari yote yaende njia moja. Anza na daftari dogo kuliko yote, lipitie, ndipo uendelee na mengine.

Idadi ya madokezo ihesabu kwenye faili yenyewe:

grep -o '<note>' "KAZI - Mikutano.enex" | wc -l

Namba hii, ile ya kwenye karatasi na ile unayoiona Joplin ziwe sawa. Zikipishana kati ya karatasi na faili, tatizo ni la utoaji: rudi Windows. Zikipishana kati ya faili na Joplin, ni la uingizaji: futa daftari hilo na uliingize tena, kwa sababu kuingiza juu ya lililopo huacha madokezo mara mbili. Halafu fungua madokezo kumi yenye picha au PDF na ubofye kila kiambatisho. Kuona jina la kiambatisho hakutoshi, lazima kifunguke.

Utafutaji nao utabadilika. Evernote husoma maneno yaliyo ndani ya picha, na Joplin haichukui usomaji huo wakati wa kuingiza. Picha za risiti ambazo ulizoea kuzipata kwa kuandika jina la duka ziwekee lebo au kichwa cha maana.

Saa za madokezo zikionekana kuruka kwa saa tatu, tazama saa ya kompyuta. ENEX huandika muda kwa UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Walioweka Windows na Linux kwenye mashine moja hukutana na hili sana, kwa kuwa mifumo hiyo huisoma saa ya ndani kwa namna tofauti. Amri ya timedatectl itakuonyesha kilichowekwa.

Usawazishaji na simu uwashe baada ya hesabu kukamilika, na uache kompyuta ipakie kila kitu kwanza. Bando la kupakia kosa mara mbili ni hasara tupu. Kabla ya hapo toa nakala ya JEX, muundo wa Joplin wa kuhifadhi nakala, ambayo hubeba madaftari, lebo na viambatisho katika faili moja, uiweke kwenye diski ya nje pamoja na zile ENEX za mwanzo. Akaunti ya zamani usiifute mpaka viungo vyote uvipitie.