Kulala gesti Dar es Salaam: mtaa kwanza, chumba pili, hela mwisho

Anayekuja Dar kwa siku mbili tatu, awe anafuata mzigo Kariakoo, ana rufaa ya hospitali ya Muhimbili au anapita kwenda Unguja, huanza kuuliza gesti ya bei nafuu iko wapi. Gesti za bei nafuu ziko karibu kila mtaa. Kinachomaliza hela na muda wa mgeni Dar ni njia. Jiulize kwanza shughuli yako iko wapi na inaanza saa ngapi, kisha utafute kitanda jirani nayo.

Tuseme umepata chumba cha shilingi 20,000 Mbezi Luis, na kingine kama hicho ni 30,000 Kariakoo, nawe umekuja kununua vitenge na viatu vya jumla. Kwenda asubuhi utapanda daladala au basi la mwendokasi bila shida. Jioni unarudi na viroba viwili, na kondakta hakutaki. Bajaji moja ya kukurudisha Mbezi inameza ile 10,000 uliyookoa na zaidi, na bado foleni ya Barabara ya Morogoro haijakuonea huruma.

Mtaa upi kwa shughuli ipi

Kwa mzigo, lala Kariakoo kwenyewe au Gerezani. Hapo stesheni ya treni ya SGR (reli ya kisasa) iko karibu, na boti za Unguja pale Kivukoni si mbali. Kero ya Kariakoo ni kelele. Mizigo hupakiwa na kushushwa mpaka usiku, na alfajiri adhana inatoka pande zote. Omba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara, ghorofa ya pili au ya tatu. Kabla ya kuafiki, uliza kama wanapokea mizigo mikubwa na kama ina stoo yake. Gesti nyingi hazina lifti, na kupandisha robota ghorofa ya nne ni hela ya mpagazi ambayo hukuipangia bajeti.

Kwa Muhimbili, kumbuka kwamba MOI (taasisi ya mifupa) na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ziko eneo hilohilo la Upanga, lakini Ocean Road, kwa wagonjwa wa saratani, iko upande wa baharini, na hospitali ya CCBRT iko Msasani. Soma barua ya rufaa vizuri kabla ya kuweka nafasi, kwa sababu watu wengi husikia "hospitali ya Dar" wakalala upande usio wao. Upanga vyumba vya bei ya chini ni vichache, ila ukilala Kariakoo upande wa Fire (kituo cha zimamoto), Muhimbili ni mwendo mfupi wa bajaji. Kwa mgonjwa usikubali chumba cha juu hata kikiwa kizuri namna gani. Taka cha chini, chenye choo cha kukaa, na uulize jikoni kama watakuchemshia maji na uji. Wengi hukubali ukiwaomba mapema.

Mwenye basi la alfajiri alale Mbezi. Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, na kutoka mjini saa 10 usiku na mabegi ni gharama na ni hatari. Kwa mwenye shughuli pande zote mbili, mjini na Mbezi, Magomeni na Manzese zinafaa kwa kuwa mwendokasi inapita hapo. Tahadhari moja: wakati wa masika, Machi mpaka Mei, mvua kubwa ikinyesha bonde la Msimbazi hujaa na barabara pale Jangwani hufungwa. Ukiwa na tiketi ya basi siku ya pili, hakikisha umelala ng'ambo ya Magomeni, siyo ya Kariakoo.

Sinza na Mwenge zinamfaa mwenye shughuli Chuo Kikuu au Mlimani City. Baa ni nyingi huko, kwa hiyo uliza kama kuna ukumbi au baa ndani ya jengo au ukuta wa pili.

Simu kabla ya safari

Piga, usitume ujumbe. Sauti ya mapokezi itakuambia mengi kuhusu mahali penyewe. Uliza hivi, kwa mpangilio huu: "Chumba ni selfu au choo cha nje? Maji yanatoka bombani muda wote au mnaweka ndoo? Kina AC au feni? Umeme ukikatika jenereta inawasha nini? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Kutoka ni saa ngapi?"

Swali la jenereta watu hulipuuza. Jibu la kawaida ni "ipo", na kweli ipo, ila mara nyingi inawasha taa na feni tu. Jenereta ndogo haiiwezi AC. Ukiwa umelipia 45,000 kwa ajili ya AC, mwezi wa Februari, umeme ukikatika saa 3 usiku, utalala kwenye chumba kilichojengwa kwa AC: dirisha dogo, hewa hakuna, feni hakuna. Kwa hiyo chumba bora ni chenye vyote viwili, AC na feni ya dari. Kama hela inatosha kimoja tu, chukua feni na madirisha mawili yanayotazamana. Juni mpaka Agosti joto la Dar linavumilika, na AC siyo lazima kabisa.

Kuhusu bei, gesti ya kawaida yenye feni ni kati ya 15,000 na 30,000, na yenye AC na bafu la ndani huanzia hapo mpaka 60,000. Bei hupanda mtaa kwa mtaa, na kukaa siku 3 au zaidi kunakupa haki ya kuomba punguzo. Omba kwa heshima: "Dada, nakaa siku nne, nisaidie bei." Bei ya siku ya kwanza haishuki kirahisi, ila ya siku zinazofuata hushuka.

Ukiambiwa utume hela ya kushikiliwa chumba, tuma kwa Lipa Namba ya biashara. Simu itakuonyesha jina kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu usiyemjua, au halifanani na la gesti, acha. Kulipia siku zote mapema ni kosa, kwa sababu chumba hujakiona. Malipo ya usiku mmoja yanatosha, na ujumbe wa muamala usiufute.

Saa 4 asubuhi

Gesti nyingi huhesabu siku mpaka saa 4 asubuhi, hata kama uliingia usiku wa manane. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, wageni wengi hufika Mbezi saa 8 au saa 9 usiku, wanalipa chumba, wanalala masaa machache, na saa 4 wanagongewa mlango walipe tena. Ukijua utafika usiku, patana kwenye simu: "Nafika saa 9 usiku, nataka nilipe moja mpaka kesho kutwa saa 4." Wengine watakataa, wengine watakuongezea kidogo. Wakikataa wote, ukifika salama kaa kituoni mpaka kuche, kisha ingia saa 12, ukishapatana kwamba unalipia siku inayoanza. Na aliyeweka nafasi kwa programu ya kwenye simu aangalie vizuri: 10:00 iliyoandikwa pale ni saa 4 asubuhi, siyo saa 10 jioni.

Dakika tano ndani ya chumba

Mwambie mhudumu unataka kuona chumba kabla ya kulipa. Anayekataa kukionyesha, ondoka. Ukiingia, usiweke begi kitandani. Liweke bafuni juu ya vigae, maana kunguni hupanda begi kirahisi na utakwenda nao mpaka nyumbani.

Washa AC au feni kwanza, kisha fungua bomba la bafuni, uache vyote vifanye kazi unapokagua vingine. Maji yanayotoka kwa nguvu sekunde kumi halafu yakalegea yalikuwa yamebaki kwenye bomba tu. Vuta maji ya choo na usikilize kama tangi linajaa tena. Ghorofa ya juu kabisa mara nyingi maji huwa dhaifu kwa sababu simtanki liko darini palepale, na maji hayana kimo cha kushukia. Pia kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi wageni wote huoga pamoja, na tangi ambalo halikujazwa usiku hukauka. Jaza ndoo kabla ya kulala, hata pale unapoona maji ni mengi. Onja kwa ncha ya ulimi: yakiwa na chumvi ni ya kisima, sabuni haitatoa povu vizuri. Ya kunywa na ya kupigia mswaki nunua ya chupa.

Sasa kitanda. Inua shuka kwenye pembe za upande wa kichwani, angalia mshono wa godoro kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo kama wino uliodondoka, vimefuatana kwenye mshono, ni kinyesi cha kunguni. Angalia pia nyufa za chaga na nyuma ya ubao wa kichwani. Ukikuta, usiombe wapulize dawa, omba chumba kingine kisichopakana na hicho, au tafuta gesti nyingine.

Chandarua kinyooshe chote hadi chini. Cha mstatili kinafaa kuliko cha mduara, kwa sababu cha mduara hukugusa mwili ukilala, na mbu huuma kupitia hapohapo. Tundu dogo lifunge fundo. Mbu wa dengi, aliyesumbua sana Dar mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, kwa hiyo anayelala mchana baada ya safari ashushe chandarua vilevile.

Rudi kwenye feni. Inayonguruma bila kushika kasi imechoka kapasita (kifaa kidogo kinachoipa nguvu ya kuzunguka), na usiku umeme ukipungua nguvu itasimama kabisa. AC inayodondosha maji mpira wake wa kutolea maji umeziba. Kama iko juu ya kitanda, asubuhi godoro limelowa.

Mlango ufunge kwa ndani mara mbili. Tazama fremu pale komeo linapoingia: mbao iliyopasuka na kupigiliwa upya inakuambia mlango uliwahi kuvunjwa. Mwanamke anayesafiri peke yake asikubali chumba chenye kitasa tu bila komeo la ndani. Madirisha ya Dar mengi yana nondo, jambo zuri kwa wezi na baya kwa moto, kwa hiyo kabla ya kulala tembea uone ngazi ya pili iko wapi na kama mlango wake haufungwi kwa kufuli usiku.

Mwisho, chomeka chaja kwenye kila soketi. Mara nyingi inayofanya kazi ni moja, nayo iko nyuma ya kitanda, ndiyo maana waya mrefu wa kugawia umeme unastahili nafasi kwenye begi kuliko jozi ya pili ya viatu.

Mapokezi

Ubao wenye bei mbili, "kupumzika" na "kulala", unamaanisha vyumba hukodishwa pia kwa saa. Si lazima pawe pabaya, lakini mashuka hubadilishwa haraka haraka na milango hugongwa usiku kucha. Mwenye watoto au mgonjwa atafute kwingine. Gesti nyingine zinazoendeshwa kwa maadili ya dini hazipokei pombe wala wapenzi wasiooana, na humo usiku huwa tulivu kweli.

Utaandikwa kwenye kitabu cha wageni: jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, na vitabu vingine bado vina safu ya kabila. Andika kweli. Beba kitambulisho cha taifa (NIDA), leseni, pasi au kadi ya mpiga kura. Kitambulisho hichohicho utakihitaji kwenye boti na SGR. Wakinakili namba, warudishe kadi palepale, usikubali ikae mapokezi.

Ukirudishiwa gharama na mwajiri, uliza risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kabla ya kulipa. Baada ya kulipa majibu huwa "mashine mbovu". Pesa nyingi usiziache chumbani. Ukizikabidhi mapokezi, zihesabiwe mbele yako na uandikiwe kiasi, tarehe na jina la aliyepokea, kwa sababu mhudumu wa usiku na wa asubuhi ni watu wawili tofauti.

Jioni ya mwisho mwambie mhudumu saa utakayotoka. Chai huanza kama saa 1, na ukiondoka saa 11 alfajiri omba mayai yachemshwe usiku, uondoke nayo. Geti nalo hufungwa na mlinzi hulala, kwa hiyo chukua namba yake ya simu. Anayetoka saa 4 lakini basi ni la jioni mara nyingi anaweza kuacha mzigo mapokezi bure, mradi uwe umefungwa kufuli na umeandikwa jina lake kwa kalamu nene.