Betri ya pili ya gari la safari haijai: anza na mita, si duka la betri

Land Cruiser yenye hema juu ya paa na friji nyuma huwa na betri mbili. Ya mbele inawasha injini, ya nyuma inalisha friji, taa na chaja za simu. Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana: gari limetembea kutwa nzima kutoka Arusha hadi Seronera, lakini saa tisa usiku friji inazima. Lawama inatupiwa betri, inanunuliwa mpya, na wiki mbili baadaye mambo ni yale yale. Mara nyingi betri haina kosa. Umeme unatoka kwenye alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) ukiwa mzima, unapotelea njiani, na mahali unapopotelea panapimika.

Unahitaji multimita yenye kipimo cha DC volti 20, spana 10, 12 na 13, brashi ya waya, msasa, na haidromita (kipima uzito wa maji ya betri) kama betri ni ya maji. Vua pete na saa ya chuma. Ukifungua betri, anza na ethi (hasi). Ukifunga, ethi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua moto (chanya) isipige shoti.

Betri ina kiasi gani?

Zima kila kitu, iache betri itulie saa nne au zaidi. Asubuhi kabla ya kuwasha injini ndiyo wakati mzuri, mradi friji ilizimwa mapema usiku. Betri ya kawaida ya risasi, iwe ya maji au kavu, ikisoma 12.7 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu; 12.0 imebaki robo. Ikikaa chini ya 12.2 wiki kadhaa, sahani zake zinajenga sulfeti ngumu na uwezo wake haurudi.

Ichaji usiku kucha kwa chaja ya umeme wa nyumbani, kisha itulie. Ikigoma karibu na 10.5, seli moja imekufa, hiyo tupa. Ikisoma 12.7 lakini inaanguka chini ya 11.5 mara tu friji inapowaka, imechoka ndani, hata kama kwa macho ni mpya. Kwa betri ya maji haidromita inasema zaidi: seli iliyojaa inasoma karibu 1.265, na tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli na seli inatosha kuihukumu. Kama betri imepita vipimo hivi, iache na uende mbele.

Alteneta

Washa injini, kanyaga resi kidogo, pima kwenye betri ya mbele. Unatafuta 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12.5, angalia mkanda kwanza, halafu taa ya betri kwenye dashibodi. Swichi ikiwa ON kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua au waya mwembamba unaoiamsha alteneta umekatika, na alteneta nzima kabisa inaweza kukaa bila kuchaji kwa sababu ya balbu tu. Baada ya hapo ndipo unafikiria kaboni za ndani ya alteneta zilizoisha. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti) imeharibika: betri itachemka na kunuka yai viza. Zima injini, usilete moto wala sigara karibu.

Injini ya 1HZ, dizeli ya Land Cruiser nyingi, ina alteneta ya mtindo wa zamani, inayotoa volti zake bila kuuliza mtu. Magari mengi mapya yana alteneta inayoongozwa na kompyuta. Betri ya mbele ikishajaa, volti zinashushwa hadi 13 au chini kuokoa mafuta. Kwa gari la namna hiyo hakuna waya nene itakayojaza betri ya nyuma. Weka chaja ya DC-DC, inayopokea volti ndogo na kuzipandisha zinavyotakiwa.

Kuna mtego mwingine: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotumika Japani ni za volti 24, betri mbili za mbele zikiwa zimeungwa mfululizo. Kuna mafundi wanaochota volti 12 kwenye mojawapo ili kulisha nyuma. Matokeo yake moja inashindia njaa na nyingine inachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Hapo pia dawa ni chaja inayopokea 24 na kutoa 12.

Njia ya kwenda nyuma

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Sharti moja: pima umeme ukiwa unapita. Waya mbovu isiyobeba mzigo inasoma vizuri tu. Kwa hiyo betri ya nyuma iwe imetumika hadi nusu, ili ivute ampea 20 au 30, na injini iwe inazunguka kwa resi.

Pima mbele, pima nyuma. Tuseme mbele ni 14.2, nyuma 13.2. Volti 1.0 imepotea, na kwa 13.2 betri ya risasi inakula kidogo mno. Inaweza kutembea siku nzima isijae. Sasa weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha chanya ya mbele, si kwenye klempu, na ncha ya pili ipitishe hatua kwa hatua: klempu, upande wa pili wa fyuzi, mguu wa kuingia na wa kutoka wa rilei (swichi ya umeme inayounga betri mbili), hadi chanya ya betri ya nyuma. Waya wa mita ukiwa mfupi, urefushe kwa waya wowote mwembamba, haubebi mzigo. Namba inaporuka ghafla, ubovu uko kati ya pale ulipo na pale ulipotoka. Kisha rudia upande wa hasi, mbele hadi nyuma.

Mfano wetu ukileta 0.3 upande wa moto na 0.7 upande wa ethi, usiguse rilei. Tafuta bolti ya ethi ya nyuma. Karibu kila mara imefungwa juu ya rangi, au imelegezwa na barabara ya vumbi yenye mawimbi. Kwangua hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, paka grisi juu. Jumla ya hasara ya pande zote mbili isizidi 0.4.

Rilei inayohisi volti huunga ikifika kama 13.3 na kuachia karibu 12.8. Isipolia "tak", angalia kiwaya chake cheusi cha ethi kabla ya kununua nyingine. Ikilia lakini kati ya miguu yake miwili minene unasoma zaidi ya 0.2, vidole vya ndani vimeungua. Na ile solenoidi ya bei rahisi ya kuwashia stata, inayofungwa badala ya rilei, imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache. Ukiiacha imeunga kutwa nzima inaiva.

Unene wa waya ni hesabu, si mazoea. Mita 5 kwenda na 5 kurudi, ampea 25: waya wa mm² 6 unakula volti 0.7, wa 16 unakula 0.27, wa 25 unakula 0.17. Dukani usidanganywe na unene wa plastiki. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukitoa weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Weka fyuzi kila mwisho wa waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Ampea 80 zinafaa kwa waya wa 16.

Sola na lithiamu

Paneli ya wati 100 kwenye jua la saa sita hutoa ampea 5 hivi. Ikitoa 1, futa vumbi na uangalie kivuli cha hema: kivuli cha upana wa kiganja kinaweza kuua sehemu kubwa ya paneli. Kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli kwenda kwenye betri) unganisha na betri kwanza, paneli baadaye. Maandishi ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) kwenye kontrola za bei ya chini mara nyingi ni maandishi tu. Ukiifungia paneli ya nyumbani ya volti 30, zaidi ya nusu ya nguvu inapotea.

Betri ya lithiamu inayosoma 0 ghafla huenda haijafa. Ulinzi wake wa ndani umejifunga baada ya kuishiwa, na chaja yenye kazi ya kuamsha huifungua. Usiiunge moja kwa moja na alteneta, kwa kuwa inaweza kuvuta ampea nyingi mpaka alteneta ikaungua.

Friji inazima ingawa betri ni 12.5

Kabla ya kusema betri haichaji, pima kwenye soketi ya friji wakati kompresa inazunguka. Waya wa mm² 1 wenye urefu wa mita 6 ukibeba ampea 5 unapoteza volti 1 nzima, kwa hiyo friji inaona 11.5 na kujizima, hasa kinga yake ya volti ndogo ikiwa imewekwa juu. Badilisha na waya wa mm² 6 wenye fyuzi yake kutoka kwenye betri, na uachane na soketi ya sigara. Springi yake ya ndani hulegea na kuchoma plagi. Wakati waya unatafutwa, shusha kinga ya friji hadi kiwango cha kati.