Faksi na mtandao wa ofisi: maneno ya kuyajua kabla hujamwita fundi

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za ofisini, na simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, faksi imegoma." Imegoma vipi? Haipokei, inakata katikati ya ukurasa, au kompyuta ndiyo haiioni? Hayo ni matatizo matatu tofauti.

Geuza mashine uitazame nyuma. Tundu lililoandikwa LINE ni la waya wa simu utokao ukutani. EXT, au TEL, ni la simu ya ziada. Yanafanana kama mapacha, kwa hiyo anza hapo: waya ukiwa EXT, faksi haiendi popote. Tundu pana zaidi, LAN, yaani mtandao wa ofisi, ni la kebo iendayo kwenye swichi ya mtandao au rauta. Humo hupita kazi za kuprinti na kuskani. Kama unaprinti vizuri ila faksi haitoki, achana na kebo ya LAN, shughulikia laini.

Sasa piga namba ya faksi kwa simu ya kawaida, usikilize. Mashine inayopokea hujibu kwa mlio mrefu wa hezi 2,100. Ile inayopiga hutoa mlio wa nusu sekunde, hunyamaza sekunde tatu, hurudia. Baadaye huja mikwaruzo: modemu mbili, vifaa vya ndani ya faksi vinavyogeuza ukurasa kuwa milio, zinapatana kasi, na kama zitatumia ECM, njia ya kurekebisha makosa. Hii ECM hukata ukurasa vipande vipande, na kipande kilichoharibika hutumwa upya.

Penye shida hasa ni laini ya simu inayopita kwenye intaneti. Sauti ya mtu ikipotea kidogo tu, sikio linavumilia. Modemu haivumilii hata kidogo. Ingia kwenye mipangilio, shusha kasi kutoka biti 33,600 au 14,400 hadi 9,600 kwa sekunde. Ikiendelea kukata, zima ECM. Ukurasa unaweza kufika na mistari michafu, lakini utafika. Kisha mwombe mtoa huduma awashe T.38, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya faksi kwenye intaneti. Akisema hana, laini ibaki kwenye G.711, namna ya kusafirisha sauti bila kuibana sana. Namna nyingine, G.729, hubana sauti kwa kufuata usemaji wa binadamu, na milio ya faksi huharibikia humo.

Kompyuta isipoiona mashine, tafuta anwani ya IP, namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwenye kioo chake. Ikianza na 169.254, basi mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa ya DHCP, huduma ya kugawa anwani ambayo kwa kawaida huwa kwenye rauta: kagua kebo, kisha rauta. Kama anwani ni nzuri ila imebadilika tangu umeme ulipokatika, kompyuta bado inaitafuta ile ya zamani. Dawa yake ni kuitengea mashine anwani moja ya kudumu ndani ya rauta.

Ukinipigia, uwe umeshaprinti ripoti ya utumaji. Nisomee msimbo wa kosa na kurasa zilizopita kabla ya kukatika.