Mkokoteni wa saruji: momenti hatua kwa hatua

Simama kando ya duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini umtazame mpakizi. Anasogeza mfuko nyuma kidogo, anainua mkono wa mkokoteni, anaushusha, anasogeza tena. Anatafuta momenti, yaani nguvu ya kugeuza: kani mara umbali wake kutoka ekseli, chuma kinachoshika magurudumu. Sisi tuitafute kwa kalamu.

Mkokoteni wetu una magurudumu mawili, umebeba mifuko 6 ya saruji ya kilo 50. Bodi ni kilo 60. Kutoka ekseli hadi anaposhika mvutaji ni mita 1.6.

Hatua ya 1. Chora mkokoteni peke yake. Futa barabara, futa mvutaji, na kila ulichokifuta kiache mshale: barabara inaacha R kwenda juu kwenye ekseli, mvutaji anaacha P kwenda juu kwenye mkono. Wengi huchora na uzito wa mvutaji. Huyo keshafutwa, uzito wake ni shauri la miguu yake.

Hatua ya 2. Geuza kilo kuwa nyutoni. Saruji: 300 × 9.81 = 2,943 N. Bodi: 589 N.

Hatua ya 3. Pima umbali wa kila kitovu cha uzito kutoka ekseli. Hapa saruji iko mita 0.20 mbele, upande wa mvutaji. Bodi mita 0.10 mbele.

Hatua ya 4. Piga momenti kuzunguka ekseli. Kwa nini ekseli? R inapita hapo hapo, momenti yake ni sifuri, unabaki na kisichojulikana kimoja tu:

P × 1.6 = 2,943 × 0.20 + 589 × 0.10
P = 405 N

Hiyo ni sawa na kuinua kilo 41 njia nzima. Mpakizi kapakia vibaya.

Hatua ya 5. R = 2,943 + 589 − 405 = 3,127 N. Hakiki kwa kupiga momenti kuzunguka mkono: 3,127 × 1.6 dhidi ya 2,943 × 1.4 + 589 × 1.5. Zote zinakaribia 5,003.

Sasa rudisha saruji nyuma ibaki mita 0.05 mbele ya ekseli: P inashuka hadi 129 N. Ipitishe mita 0.05 nyuma ya ekseli: P = −55 N. Usiifute alama ya kutoa ukidhani umekosea! Inakwambia mshale uliuchora kinyume: mkono unataka kupaa, mvutaji inabidi aukandamize.

Mlima je? Barabara za kwenda Kibosho zinapanda. Chukua nyuzi 6, saruji ikiwa mita 0.05 mbele na kitovu chake mita 0.40 juu ya ekseli. Gawa uzito: sehemu inayokandamiza barabara (kosini) na inayorudisha nyuma (sini). Ya pili ni 3,532 × 0.1045 = 369 N, ndiyo ya kuvuta, msuguano haujaguswa. Tuchukulie nguvu ya mvutaji ya kuvuta inapita usawa wa ekseli, na kitovu cha bodi kiko usawa huo huo. Umbali wa mbele wa saruji unakuwa 0.05 × kosini 6 = 0.0497; sini inapita juu ya ekseli na kugeuza mkokoteni nyuma, hivyo tunatoa 0.40 × sini 6 = 0.0418. Bodi inatoa 589 × 0.10 × kosini 6 = 58.6:

P × 1.6 = 2,943 × (0.0497 − 0.0418) + 58.6
P ≈ 51 N

Kimo cha mzigo kimekula momenti karibu yote ya saruji. Ukipanga mifuko juu zaidi, mkono utapaa katikati ya mlima. Wakati wa kushuka, mvutaji akiwa mbele, kutoa kunageuka kujumlisha na P inafika 205 N, huku 369 N zile zile zikimsukuma mgongoni.