Mbwa akila sumu ya panya, weka maziwa kando
Mbwa wako akiokota kitu jalalani na ukashuku kina sumu, mwondoe pale kwanza, kisha tafuta pakiti. Daktari wa mifugo akisoma jina la sumu anajua pa kuanzia. Huna pakiti? Chukua mabaki kwenye mfuko, usiyashike kwa mkono mtupu, na kumbuka ilikuwa saa ngapi.

Usimmiminie maziwa wala mafuta ya kula. Najua ndivyo tulivyozoea, lakini maziwa hayaui sumu, na mafuta yakimpalia yanaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha nayo ni sumu nyingine. Kumtapisha mwachie daktari, na hufaa zaidi ndani ya saa 2 hivi za mwanzo.

Akitokwa udenda na kutetemeka, kimbia naye. Ila zinazonitisha zaidi ni zile sumu za panya zinazozuia damu kuganda: mbwa atacheza siku 2 au 3 kama hana neno, ndipo fizi zinapauka na damu inamtoka puani. Mpeleke siku ileile, hata kama anatikisa mkia. Akiwahi, vitamini K1 mara nyingi humwokoa.