Somo: Picha imetoka wapi, na ihifadhiwe kwenye faili la aina gani

Habari wakuu. Mtu akikuta picha yake ina ukungu, swali la kwanza huwa "niibadilishe iwe PNG?" Hapo ameanzia mwisho. Ubora unaamuliwa na chanzo cha picha. Aina ya faili inalinda kilichopatikana au inakipunguza, lakini haiongezi hata nukta moja. Kwa hiyo tuanze na chanzo.

HATUA YA 1: Jua chanzo

Picha ya kawaida ya kidijitali ni jedwali la nukta ziitwazo pikseli, na kila pikseli ina namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu. Cha kuuliza ni nani aliyelijaza jedwali hilo.

Kamera, ikiwemo ya simu. Kihisi cha kamera chenyewe hakitofautishi rangi, kinapima mwanga tu. Kwa hiyo juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo cha rangi moja. Katika mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak miaka ya 1970, ambao kamera nyingi bado zinaufuata, nusu ya vichujio ni vya kijani, robo nyekundu na robo bluu. Maana yake kila pikseli imepima rangi moja, na mbili zilizobaki kamera imezikadiria kwa kuangalia pikseli za jirani. Ndiyo maana shati la mistari myembamba wakati mwingine hutoka na rangi za ajabu ambazo halina.

Skana. Hapa wewe ndiye unayeamua isome nukta ngapi kwa kila inchi. Kwa maandishi, 300 zinatosha. Kwa picha ya zamani ya karatasi mimi ningechagua 600: picha ya inchi 4 kwa 6 itakupa pikseli 2400 kwa 3600. Usivutwe na namba kubwa kuliko uwezo halisi wa kihisi cha skana, kwa sababu nukta za ziada zinabuniwa na programu.

Picha ya skrini. Inanakili pikseli zilizopo kwenye kioo wakati huo, basi. Ukiipiga skrini picha yenye pikseli milioni 12, unaondoka na zile tu zilizoenea kwenye skrini yako.

Michoro ya vekta. Hii haina jedwali la pikseli. Faili linahifadhi maelekezo: chora duara hapa, mstari pale, rangi hii. Ikuze utakavyo, kingo hazivunjiki. Nembo zote zingepaswa kuanzia hapa.

HATUA YA 2: Soma vipimo, usisome megabaiti peke yake

Fungua sifa za faili utafute upana na kimo. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli ikichukua baiti 3, tunapata baiti milioni 36. Lakini picha hiyo ikihifadhiwa kama JPEG, aina ya faili iliyozoeleka zaidi kwa picha za kamera, laweza kuwa na megabaiti 4 hivi. Zilizobaki zimekwenda wapi?

HATUA YA 3: Elewa JPEG vizuri, nyingine zitakuwa rahisi

JPEG ni kiwango cha mwaka 1992, na kimebuniwa kwa kufuata udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho letu hunasa tofauti za mwanga kuliko tofauti za rangi, kwa hiyo JPEG hutenganisha viwili hivyo, na mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa vipimo vidogo zaidi. Kisha picha hukatwa vipande vya mraba vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande mabadiliko madogo madogo hutupwa. Kwenye uso wa mtu au majani huoni kitu. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe utaona vumbi la kijivu limezizunguka. Lijaribu mwenyewe: andika neno moja kubwa, lihifadhi kama JPEG ya ubora wa chini, kisha likuze mpaka ile miraba ijitokeze.

Kilichotupwa hakirudi. Na kila ukihariri na kuhifadhi upya, kingine kinatupwa. Kufungua na kutazama, au kunakili faili, hakuharibu chochote; hofu hiyo iacheni.

PNG ilitoka mwaka 1996, baada ya mgogoro wa hataza (haki ya mvumbuzi) juu ya njia ya kubana, yaani kupunguza ukubwa wa faili, iliyokuwa ikitumiwa na GIF. Inabana bila kutupa kitu na inahifadhi sehemu zinazopitisha mwanga. Itumie kwa picha za skrini, maandishi na nembo. Ukiihamishia picha ya JPEG huku, faili litavimba na ubora utabaki uleule.

GIF ni ya 1987, mwisho rangi 256 kwa kila fremu. Iachie vile vipicha vinavyocheza. TIFF ni ya kumbukumbu na uchapaji. WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, inaweza kubana kwa kutupa au bila kutupa. HEIC imetumika kwenye iPhone tangu 2017; inabana vizuri kuliko JPEG, ila si kila kifaa kinaifungua. SVG ni ya vekta.

Picha ghafi (DNG, NEF, CR3) ni vipimo vya kihisi kabla kamera haijaamua rangi. Kwa kawaida zina biti 12 au 14, yaani ngazi 4096 au 16384 za mwanga, wakati JPEG ya kawaida ina 256 kwa kila rangi. Uso ukiwa kivulini, kwenye faili ghafi unaweza kuung'arisha na ngozi ikabaki ngozi. Kwenye JPEG unapata mabaka.

HATUA YA 4: Faili la asili usiliguse

Fanyia kazi nakala. Ukiwa bado unahariri, hifadhi kwa TIFF au faili la programu yako. JPEG itoe mara moja, mwishoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimebadilisha jina tu, .jpg nikaandika .png, na inafunguka. Kuna shida?
Jibu: Ndani bado ni JPEG. Programu nyingi husoma baiti za mwanzo: JPEG huanza na FF D8, PNG huanza na 89 ikifuatiwa na herufi PNG. Programu inayoamini jina itagoma. Ifungue, kisha uihifadhi upya kwa aina unayotaka.

Swali: Mchapaji anataka 300 kwa inchi, picha yangu imeandikwa 72. Nifanyeje?
Jibu: Hiyo 72 ni lebo tu, hesabu pikseli. A4 nzima kwa 300 inahitaji 2480 kwa 3508. Ukiwa nazo, badilisha lebo bila kuongeza pikseli. Kama huna, chapa kwa ukubwa mdogo.

Swali: Nembo yetu inakuja na boksi jeupe nyuma. Naliondoaje?
Jibu: Bila shaka mmepewa JPEG, na JPEG haihifadhi uwazi, yaani zile sehemu zinazopitisha mwanga. Ukifuta weupe, lile vumbi la kijivu litabaki pembeni. Mwombeni aliyeichora faili la SVG.

Swali: Mwalimu, picha nilizotumiwa kwa simu zimepoteza tarehe ya kupigwa. Kwa nini?
Jibu: Tarehe, aina ya kamera na mara nyingine mahali hukaa kwenye taarifa za Exif ndani ya faili. Programu nyingi za ujumbe huziondoa na kuipunguza picha. Mwambie aliyepiga akutumie kama hati, zitakuja kamili. Naye ajue kwamba hata mahali alipopigia panaweza kuja nazo, kwa hiyo akimtumia mtu asiyemfahamu apafute kwanza.