Kukaza cheni ya bodaboda inayobeba mizigo

Hapa Busia, ambako baiskeli za miaka ya 1960 zilivusha watu na magunia mpaka wa Kenya na Uganda na kuiachia kazi yetu jina la bodaboda, pikipiki nyingi stejini zina cheni iliyokazwa kupita kiasi. Ikipiga kelele kidogo, mtu anakaza. Nami nilikuwa hivyo, mpaka siku iliponikatikia njia ya Tororo na magunia mawili ya mahindi nyuma.

1. Pima kwanza. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru. Shika cheni ya chini katikati ya sproketi mbili, yaani magurudumu ya meno ya mbele na nyuma, uisukume juu na chini: icheze sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu kidogo upime tena, mara nne au tano, kwa kuwa cheni haichakai sawasawa. Fuata kipimo cha pale ilipobana zaidi.

Nafasi hiyo ina kazi, ndugu zangu. Ukipakia abiria wawili au mikungu ya matoke, shokomzoba zinabonyea, uma wa nyuma unaoshika gurudumu unapanda, na ekseli, yaani mhimili wa gurudumu hilo, inazidi kuwa mbali na sproketi ya mbele. Cheni iliyokuwa sawa pikipiki ikiwa tupu inakakamaa kama kamba ya kuanikia nguo, na kila shimo la barabarani linavuta beringi za giaboksi. Ukiwa na shaka, waombe wenzako wawili wakae nyuma, kisha ishike tena. Lazima bado icheze.

2. Chomoa pini inayofungia nati ya ekseli, kisha legeza nati hiyo bila kuitoa. Legeza pia nati ya fimbo ya breki ya nyuma.

3. Zungusha nati za kurekebishia zilizo mwisho wa uma kidogo kidogo: robo mzunguko nati ya upande wa kushoto, kisha robo ile ya kulia. Alama zilizochongwa kwenye uma pande zote mbili zilingane. Zikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari na cheni itakula meno ubavuni.

4. Kaza ekseli, kisha pima upya, maana kukaza nati huweza kulisogeza gurudumu. Rudisha pini. Rekebisha breki: gurudumu lizunguke bila kukwaruza, na pedali ishike mapema.

5. Safisha cheni kwa brashi, tia oili upande wa ndani ikiwa bado na joto la safari, kisha pangusa iliyozidi. Grisi nzito siitaki kabisa: vumbi jekundu la murram hunata humo, ikageuka msasa.

Meno ya sproketi yakipinda kama ndoana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno mabovu huchakaa upesi. Na ukifunga klipu ya kiungo kinachounganisha ncha za cheni, upande wake uliozibwa ndio utangulie kule cheni inakoelekea.